Mfumo wa SACCOS yetu: nibaki na MySQL au nihamie PostgreSQL?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtengenezaji wa mifumo, nimeajiriwa na SACCOS moja hapa Morogoro yenye wanachama wapatao 1,200, matawi mawili na makarani wanne. Mfumo nimeuandika kwa Laravel (kiunzi cha kuandikia programu za PHP), na hifadhidata ni MySQL ya XAMPP (kifurushi cha programu za kuendesha tovuti) iliyo kwenye kompyuta ya ofisi kuu. Tawi la pili linaingia kwa intaneti. Mwezi uliopita salio la mwanachama mmoja lilisomeka shilingi 110,000 wakati pasibuku yake inasema 10,000. Wiki mbili baadaye umeme ulikatika, MySQL ikagoma kuwaka karibu siku nzima. Mwenzangu ananiambia MySQL imepitwa na wakati na ni mali ya Oracle, iko siku watatutoza, kwa hiyo nihamie PostgreSQL. Mwingine anasema watu wa kisasa wanatumia MongoDB. Na nimeona Laravel ya sasa inakuja na SQLite. Ukaguzi ni baada ya miezi miwili na bodi inataka jibu. Nichague ipi?"*

Marahaba, na pole kwa mwezi uliokuwa nao. Umeuliza jina la hifadhidata, lakini nikisoma barua yako naona kinachokunyima usingizi ni mambo mawili: fedha ya mwanachama iliyoandikwa vibaya, na mashine iliyokataa kuwaka. Nitaanza na hayo. Na nikuambie mapema, ungeuhamishia msimbo huohuo kwenye PostgreSQL kesho asubuhi, ile laki moja ingeweza kupotea vilevile.

Sijauona msimbo wako, ila nimeshaona mifumo mingi ya aina hii, na sehemu ya kutoa fedha mara nyingi huandikwa hivi:

```
$akaunti = Akaunti::find($id);
$akaunti->salio = $akaunti->salio - 100000;
$akaunti->save();
```

Ukiisoma peke yake haina kosa. Sasa iweke kwenye ofisi yako. Mwanachama ana 150,000. Amefika ofisi kuu kutoa laki moja, na karani anabonyeza. Sekunde hiyohiyo, kule tawini, karani mwingine anakata rejesho la mkopo la 40,000 kwenye akaunti ileile, kwa sababu ni mwisho wa mwezi na orodha ya marejesho iko mezani kwake. Programu ya ofisi kuu inasoma salio: 150,000. Programu ya tawini nayo inasoma: 150,000. Ya kwanza inapiga hesabu yake, inapata 50,000, inaandika. Ya pili inapiga hesabu yake kwa ile namba iliyokwisha kuisoma, inapata 110,000, inaandika juu ya ile ya kwanza. Laki moja imetoka mkononi mwa karani, stakabadhi ipo, pasibuku imejazwa 10,000, lakini mfumo unasema 110,000. Hakuna kosa lililotokea kwenye kioo, na hakuna mstari mwekundu kwenye logi. Namba ulizonitajia zinaangukia hapo kabisa, ndiyo maana nina hakika kiasi kikubwa kwamba ndicho kilichokupata.

Hifadhidata haikukosea. Laravel iliiagiza "weka salio liwe 110,000", ikaweka. Haikuambiwa kwamba namba hiyo ilitokana na salio lililosomwa muda kidogo uliopita, wala kwamba katikati mtu mwingine ameshapita.

Wengi wakielezwa hili hukimbilia kusema, basi nitaizungushia muamala, yaani BEGIN na COMMIT, itapona. Haitoshi. Muamala wa hifadhidata unakuhakikishia kwamba hatua zake zote zitafanyika au zote zitafutwa, kitu cha lazima kwako, kwa sababu hutaki fedha itoke kwenye akiba kisha isifike kwenye mkopo. Lakini miamala miwili inayokwenda sambamba inaonana kwa kiasi gani, hilo ni suala jingine, na hapo ndipo mifumo hii inatofautiana kweli. PostgreSQL usipoigusa huendesha muamala kwa kiwango kiitwacho READ COMMITTED. MySQL na ndugu yake MariaDB (nitaeleza mbele kwa nini nasema hiyo ndiyo uliyo nayo) hutumia REPEATABLE READ. Kwa kusikia jina unaweza kudhani hiki cha pili ni salama zaidi. Katika kisa chako vyote viwili vingepokea ile 110,000 bila kunung'unika. Tofauti inajitokeza ukiipandisha PostgreSQL hadi REPEATABLE READ: karani wa pili anarudishiwa kosa kwamba mstari umeshabadilishwa na mwingine, muamala wake unakataliwa, na programu yako inatakiwa ijaribu upya. MariaDB uliyo nayo, kwenye kiwango chenye jina hilohilo, hupitisha kimya. Kwa mtu anayetunza fedha za watu, hiyo ni hoja halali ya kuipenda PostgreSQL. Lakini ni hoja inayomfaa anayejua kuitumia. Aliyeiacha ilivyo hapati faida hiyo.

Dawa ya tatizo lako ipo kwenye hifadhidata zote mbili, nayo ni kuufunga mstari unapousoma:

```
DB::transaction(function () use ($id, $kiasi) {
    $akaunti = Akaunti::lockForUpdate()->find($id);
    if ($akaunti->salio < $kiasi) {
        throw new SalioHalitoshi();
    }
    // andika mstari wa leja, kisha punguza salio
});
```

Hiyo `lockForUpdate` inageuka kuwa SELECT yenye FOR UPDATE mwishoni. Karani wa kwanza akiushika mstari, wa pili anasubiri mlangoni kwa sehemu ndogo ya sekunde, na akiingia anasoma 50,000, si 150,000. Ukihamisha fedha kati ya akaunti mbili, funga kwanza yenye namba ndogo kisha yenye namba kubwa, kila mahali kwenye msimbo wako, la sivyo siku moja makarani wawili watashikiana, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Ila kuna kitu kikubwa kuliko kufuli, na makarani wako wanakijua kuliko sisi watu wa kompyuta: leja. Mtunza vitabu hafuti namba ya jana akaandika ya leo. Anaongeza mstari. Jedwali lako la miamala liwe ndiyo kweli yenyewe, kila kuweka na kila kutoa kuwe na mstari wake, tarehe yake, karani wake na namba ya stakabadhi isiyoruhusiwa kujirudia. Hiyo namba iwekee kizuizi cha UNIQUE ndani ya hifadhidata, usitegemee fomu, kwa sababu mtandao ukiwa mzito karani hubonyeza mara mbili. Safu ya salio ibaki kama kifupisho tu, kitu unachoweza kukihesabu upya wakati wowote kutoka kwenye leja. Ongeza CHECK ya kuzuia salio la akiba lisishuke chini ya sifuri. Ukifanya hivyo, hata msimbo ukikosea, kosa linaonekana siku hiyohiyo.

Ukiwa hapo, angalia aina ya safu zako za fedha. Kama umetumia FLOAT, aina inayohifadhi namba kwa kukadiria, acha kila kitu ubadilishe leo. FLOAT ya kawaida hubeba namba nzima kwa usahihi hadi 16,777,216 tu. Baada ya hapo inaanza kuruka: shilingi 20,000,001 inahifadhiwa kama 20,000,000. Kwa shilingi yetu kiasi hicho ni mkopo wa kawaida wa kujenga nyumba, kwa hiyo utakutana nacho. Tumia DECIMAL(15,2), au BIGINT kama hamshughuliki na senti.

Na saa. Seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye saa za UTC, saa tatu nyuma yetu. Mwanachama akiweka akiba kwa simu saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, seva inaandika saa nne usiku tarehe 30 Juni. Kama mwaka wenu wa hesabu unafungwa Juni, fedha hiyo imeingia mwaka usio wake, na mkaguzi ataiuliza. Unaweza kuhifadhi kwa UTC, ni desturi nzuri, lakini ripoti zote zikate siku kwa saa za Afrika Mashariki.

Sasa umeme. Hapa kuna woga unaotokana na kutojua kinachotendeka ndani. Hifadhidata zote nzuri hufanya jambo moja: badiliko huandikwa kwanza kwenye logi iliyo diskini, na likishatua hapo ndipo karani anaambiwa "imekamilika". Mafaili ya majedwali yenyewe hufuata baadaye, kwa nafasi. Umeme ukikatika katikati, hifadhidata ikiwaka tena inaisoma logi, inamalizia yaliyokamilika na kufuta yaliyoishia njiani. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ndani ya MySQL na MariaDB, hufanya hivyo kwa faili la ib_logfile0, PostgreSQL kwa folda ya pg_wal, na SQLite ina namna yake. Kwa hiyo kukatika kwa umeme peke yake si sababu ya kuhama kutoka hii kwenda ile.

Hatari iko kwenye diski inayodanganya kwamba imeandika kumbe bado, na iko zaidi kwetu wenyewe. MySQL ya XAMPP ikigoma, mtu anaingia mtandaoni, anakuta ushauri wa kulibadili jina folda la data, kunakili folda la backup, au kufuta ibdata1 "itajitengeneza upya". Kweli inajitengeneza, tupu. Ndani ya ibdata1 kuna kumbukumbu za ndani zinazoiunganisha InnoDB na majedwali yako. Ukiliacha nyuma, majedwali yanaonekana kwa majina kwenye phpMyAdmin, ule ukurasa wa kusimamia hifadhidata, lakini ukiyafungua unaambiwa hayapo kwenye injini. Ikigoma tena, zima huduma, nakili folda lote la data mahali pengine bila kugusa kitu, kisha fungua mysql_error.log usome mistari ya mwisho. Wakati mwingine utakuta ni programu nyingine tu imechukua mlango wa 3306.

Kabla sijaingia kwenye majina, kuna jambo la kufanya leo, kabla hujamaliza kusoma. XAMPP ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kujifunzia na kujaribia kwenye mashine yake, na inakuja na mtumiaji mkuu, root, asiye na nywila. Umesema tawi la pili linaingia kwa intaneti. Kama phpMyAdmin yako inafikika kutoka nje, mtu yeyote anayepekua anwani za mtandao usiku anaweza kuingia kwenye akiba za watu 1,200. Weka nywila, funga phpMyAdmin isionekane nje, na milango ya hifadhidata isifunguliwe kwenye ruta. Kiungo kati ya matawi kipite kwenye VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, au angalau HTTPS kwa programu yenyewe tu.

Jingine ambalo huenda litakushangaza: huna MySQL. Kidirisha cha XAMPP kinaandika jina hilo, lakini tangu 2015 kilichomo ndani ni MariaDB. Andika `SELECT VERSION();` uone. Kama XAMPP yako ni ya miaka ya karibuni, utapata toleo la 10.4, na toleo hilo liliacha kupokea marekebisho ya usalama Juni 2024. Kwa hiyo kuhama utahama tu, hata ukibaki na jamaa ileile.

Jamaa yenyewe ina historia fupi inayojibu wasiwasi wa mwenzako. MySQL ilitoka 1995 ikiongozwa na Michael Widenius na wenzake kule Sweden, na jina lake linatokana na binti yake, My. Kampuni ya Sun iliinunua 2008, kisha Oracle ikaimeza Sun mwaka 2010. Widenius alikuwa ameshahofia hilo, akachukua msimbo uleule 2009 na kuanzisha MariaDB, jina la binti yake mdogo, Maria. Kote kuwili leseni ni GPL, leseni ya programu huria. Wewe unaendesha programu kwenye seva yako mwenyewe kwa ajili ya ofisi yako. Hakuna anayeweza kukuletea ankara kwa toleo hilo huria, leo wala kesho. Oracle huuza toleo la kibiashara na huduma zake, na hilo hulazimiki kulinunua.

Na "imepitwa na wakati" si kweli. Wikipedia inaendeshwa kwa MariaDB. Hapa kwetu, OpenMRS, inayotunza mafaili ya wagonjwa katika kliniki nyingi za Kenya, Uganda na Rwanda, imejengwa juu ya MySQL. Upande wa pili, DHIS2, ambako vituo vya afya vya Tanzania na majirani zake hupeleka taarifa zao za kila mwezi, inatumia PostgreSQL. Zote mbili zinabeba mzigo mkubwa kuliko wako kwa mbali sana. Tupige hesabu: wanachama 1,200, kila mmoja na miamala mitatu kwa wiki, ni mistari 187,200 kwa mwaka. Miaka kumi haijafika milioni mbili. Ukiweka faharasa kwenye safu ya akaunti na tarehe, hifadhidata yoyote kati ya hizi italitafuta salio kabla karani hajainua kidole. Kasi isiwe kigezo chako. Anayekuonyesha majedwali ya vipimo vya kasi anajibu swali la mtu mwingine.

SQLite nitaitetea kidogo, maana huwa inadharauliwa. Ni faili moja, haina seva, haina nywila za kusahau, na waandishi wake wenyewe wanasema inatosha kwa tovuti yenye maombi chini ya laki moja kwa siku. Laravel 11, ya mwaka 2024, iliichagua kuwa ya kuanzia kwa sababu hiyo. Makarani wanne ingewabeba. Lakini huandikwa na mmoja kwa wakati, haina watumiaji wenye mamlaka tofauti, vizuizi vya funguo za nje huwa vimezimwa mpaka uviwashe, na safu ya namba inaweza kupokea maneno kama jedwali hukulitangaza STRICT. Kwa programu ya duka lako, sawa. Kwa fedha za ushirika ningependa mlinzi mkali zaidi ya huyo.

MongoDB si hifadhidata ya kihusiano, yaani ile inayopanga data kwenye majedwali yanayounganishwa. Inafaa pale ambapo kila kumbukumbu ina umbo lake. Yako si hivyo: mwanachama ana akaunti, akaunti ina miamala, mkopo una wadhamini, na mdhamini naye ni mwanachama mwenye akiba iliyoshikiliwa. Uhusiano huo ndio kazi yenyewe ya hifadhidata za kihusiano, tangu Edgar Codd alipoandika wazo lake akiwa IBM mwaka 1970. Achana nayo kwa kazi hii.

Tunabaki na MariaDB na PostgreSQL, na hapa nitasema ninachoamini. Ungekuwa unaanza leo, na una seva ya kukodi unayoiendesha mwenyewe, ningekwambia PostgreSQL bila kusita. Ilianza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, 1986, haina kampuni moja inayoimiliki, hutoa toleo kubwa kila mwaka na kila toleo hutunzwa miaka mitano. Ninachokipenda zaidi ni namna inavyoshughulikia mabadiliko ya majedwali. Umeandika migration, yaani faili la kubadilisha majedwali, yenye hatua tano. Ya nne ikishindwa, PostgreSQL inarudisha yote kana kwamba hukugusa kitu. MariaDB na MySQL hukuacha katikati, hatua tatu zimefanyika na mbili hazijafanyika, ni saa tano usiku, na kesho asubuhi foleni ya wanachama iko mlangoni. Nimeshakaa kwenye kiti hicho, ninakumbuka jinsi mikono inavyotetemeka.

Nayo ina gharama zake. Kila muunganisho ni mchakato kamili unaokula kumbukumbu, na kikomo cha kawaida ni 100; mfumo ukikua utahitaji PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho, mbele yake. Mistari iliyobadilishwa huacha maiti zinazotakiwa kusafishwa na VACUUM. Hujiendesha yenyewe, lakini mtu akiacha muamala wazi tangu asubuhi, usafi unasimama. Kuhama toleo kubwa kunataka utaratibu. Na hostingi nyingi za bei nafuu zenye cPanel zinakupa MySQL au MariaDB tu.

Wewe lakini huanzi leo. Una msimbo unaofanya kazi, una makosa mawili yenye dawa inayojulikana, na una miezi miwili. Kubadili hifadhidata kunamaanisha kupitia kila swali la SQL uliloliandika kwa mkono, kila ulinganisho wa herufi kubwa na ndogo ambao MariaDB huufumbia macho na PostgreSQL haiufumbii, kila GROUP BY ya kizembe. Ukifanya hivyo huku unasafisha masalio na kujiandaa kwa mkaguzi, hutajua tofauti ikitokea imetoka wapi. Kwa hiyo jibu langu kwa bodi yako: bakini na MariaDB kwa sasa, lakini itoke kwenye XAMPP. Ihamie kwenye seva ya Linux, toleo la 11.4 linalotunzwa kwa muda mrefu, majedwali yote yakiwa ya InnoDB. Hilo la mwisho likague kwa `SHOW TABLE STATUS`, kwa sababu majedwali yaliyonakiliwa kutoka mifumo ya zamani huja na MyISAM, na MyISAM haijui muamala: ukiiambia ROLLBACK haitoi kosa, na mabadiliko uliyotaka kuyafuta yanabaki. Ukaguzi ukipita na hesabu zikakaa, mzungumze kuhusu PostgreSQL kwa utulivu, mkiwa na mwezi mzima wa kuendesha mifumo miwili bega kwa bega.

Seva ikae wapi? Ofisini inawezekana, ikiwa na UPS yenye uwezo wa kuizima kwa amani betri ikiisha, na chumba kinachofungwa. Ya kukodi inakuondolea umeme na kukuletea intaneti: ikikatika, makarani wanasimama. Kwa matawi mawili mimi ningekodi, na kila tawi liwe na laini ya pili ya simu ya akiba. Kama seva iko nje ya nchi, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje. Wakili wa chama aisome kabla ya mkataba, si baada.

Bakapu nimeiacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo kigezo ambacho mimi hukitanguliza. Hifadhidata inayokufaa ni ile ambayo wewe, peke yako, siku ya Jumapili, unaweza kuirudisha kutoka kwenye nakala. Kunakili folda la data huku hifadhidata ikiwa inafanya kazi si bakapu. Tumia mariadb-dump pamoja na `--single-transaction` ili nakala ya majedwali yote iwe ya wakati uleule mmoja, ifanyike kila usiku, ipelekwe mahali pengine nje ya jengo ikiwa imefungwa kwa nywila. Niliwahi kuitwa kwenye taasisi moja baada ya diski kufa. Walikuwa na folda lenye mafaili ya kila usiku, yamepangwa kwa tarehe, safi kabisa. Nikayaangalia ukubwa: sifuri, sifuri, sifuri, miezi mingi nyuma. Mtu alibadilisha nywila ya hifadhidata na script haikuambiwa. Tulikaa na vitabu vya stakabadhi wiki tatu tukiingiza upya kwa mkono. Kila mwezi chukua nakala moja, irudishe kwenye mashine nyingine, na ulinganishe jumla ya akiba na ile ya mfumo unaofanya kazi.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi, tafuta mtu akae nawe. Hifadhidata ikigoma kuwaka na huna bakapu ya juzi, usijaribu hata amri moja uliyoikuta mtandaoni. Mtafute msimamizi wa hifadhidata mwenye uzoefu wa kufufua InnoDB, na mpe nakala ya folda, asili ibaki haijaguswa. Siku ya kuhamia seva mpya, awepo mtu wa pili anayesoma hatua kwa sauti wakati wewe unaandika. Ukiona dalili kwamba mtu ameingia kutoka nje, hilo ni la meneja na bodi saa hiyohiyo.

Na hili la salio, muite mhasibu wa chama aketi pembeni yako. Usiingie phpMyAdmin ukaandika 10,000 mahali pa 110,000, hata kama una uhakika. Kama mstari wa ile laki moja upo kwenye jedwali la miamala, salio lihesabiwe upya kutoka kwenye leja. Kama haupo, uingizwe kama muamala wa marekebisho, wenye tarehe ya leo, namba ya stakabadhi ya siku ile, maelezo na saini ya aliyeidhinisha, ili mkaguzi auone ulivyo. Lakini kabla ya yote hayo endesha hii, ukibadilisha majina yafanane na majedwali yako:

```
SELECT a.id, a.salio, COALESCE(SUM(l.kiasi), 0) AS jumla
FROM akaunti a
LEFT JOIN leja l ON l.akaunti_id = a.id
GROUP BY a.id, a.salio
HAVING a.salio <> COALESCE(SUM(l.kiasi), 0);
```

Hapo nimechukulia kwamba kuweka ni chanya na kutoa ni hasi. Huyo mmoja mmemjua kwa sababu alikuja na pasibuku yake. Msimbo uleule umekuwa ukihudumia wote 1,200 tangu siku ya kwanza, na huenda wapo ambao salio lao limepungua badala ya kuzidi na hawajaja kuuliza. Orodha itakayotoka, iwe na majina mawili au arobaini, ichapishe na umpelekee meneja siku hiyohiyo, kabla hujagusa salio la yeyote.